Bakuli Namba Tatu

Saa kumi na dakika hamsini alasiri, siku ya kumi na saba ya Ramadhani, Mwaija Pazi alifungua friji ya mama yake akakuta mabakuli mawili mahali alipoacha matatu.

Hakushtuka papo hapo. Alikuwa mtu wa kuhesabu kwanza, kushtuka baadaye. Aliyatoa yale mawili, moja moja, akayainua juu ya macho ili asome alichokiandika kwa maka peni chini ya kioo. La kwanza, 1. La pili, 2. Akayarudisha. Akachungulia nyuma ya jagi la ukwaju, chini ya mfuko wa samaki, hata kwenye mlango penye mayai. Kisha akageukia kichanja cha vyombo, akaliona bakuli la tatu limeoshwa, limelazwa kifudifudi, lingali na unyevu.

Hapo ndipo aliposhtuka.

Mwaija alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha sayansi kule Mapinga. Kikundi chao cha wanafunzi kumi na mmoja kilijifunza kuwabadilisha bakteria: kuwatia jeni ya kiumbe kingine ili wafanye kazi ambayo hawakuumbwa nayo. Walitaka kupata bakteria watakaogeuka zambarau wakikutana na madini ya risasi kwenye maji ya kisima. Vifaa ndivyo vilivyowakwamisha. Visahani vya maabara, unga wa kugandishia chakula cha bakteria, makasha ya joto, vyote viliagizwa nje, vikakaa bandarini miezi mitatu, na vilipofika havikutosha. Basi Mwaija akapewa kazi ya kuandika mwongozo wa vifaa vinavyopatikana hapa hapa, ili hata mwanafunzi wa sekondari wa Lugoba au Fukayosi aweze kufanya jaribio bila kusubiri meli.

Kazi ile aliifanya vizuri. Mahali pa unga wa maabara aliweka chaina grasi, ile ile wanawake wa Bagamoyo wanayogandishia faluda, kitindamlo baridi cha kufuturia. Mahali pa mtambo wa mvuke, presha kuka. Mahali pa kasha la joto, boksi jeupe la samaki lenye taa ndani. Na mahali pa visahani, mabakuli ya kioo yenye vifuniko, yale ya faluda, yanayouzwa kwa dazani sokoni. Chakula chenyewe kilikuwa supu ya nyama iliyochujwa ikagandishwa. Kikipoa kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyozidi maji.

Siku tatu kabla alitayarisha mabakuli matatu ya kujaribia. La kwanza halikutiwa kitu. La pili alilitia bakteria wa chuoni, wasio na madhara, walioongezewa jeni ya rangi. La tatu alilipaka maji ya dimbwi lililo nyuma ya soko, linalopokea mvua pamoja na yanayotoka vyooni. Katika la pili na la tatu alichanganya ampisilini, dawa ya kawaida ya duka la dawa, ili kiote tu kile kinachoihimili. Bakteria wa chuoni walikuwa na jeni ya kuihimili. Wale wa dimbwini alitarajia wafe wote.

Hawakufa. Jana asubuhi alihesabu madoa arobaini na moja juu ya bakuli namba tatu, madogo, meupe, kama chembe za sukari.

Mwalimu Mikdad, msimamizi wao, alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila wiki: kitu cha maabara hakilali penye chakula. Lakini umeme wa chuo ulikuwa umekatika siku mbili, friji ya maabara ilikuwa na joto la chumba, na Mwaija hakutaka kuanza upya. Aliyafunga mabakuli kwenye mfuko, akaja nayo nyumbani kwa usiku mmoja tu. Alifika mama yake amekwenda tarawehe. Asubuhi aliondoka kwenda kuona kama umeme wa chuo umerudi, mama amelala baada ya daku. Hawakuonana.

Mama yake, Bi Mwanajuma, alikuwa uani akikaanga sambusa.

"Mama, kilichokuwamo humu kiko wapi?"

"Ile faluda? Nimemrudishia Bi Hafidha sahani yake. Juzi kaniletea mihogo ya nazi, sahani ya mtu ikae kwangu mpaka lini? Nami sikuwa na kitu cha kutia. Sahani hairudi tupu, wajua mwenyewe."

"Umempa lini?"

"Baada ya adhuhuri. Nimeimwagia tui zito na iliki juu, maana mkono wako wa faluda, mwanangu, Mungu akusitiri. Imepauka kama uso wa mgonjwa. Ile ya zambarau nimeiacha. Nani ale kitu rangi ya wino?"

"Hukuonja?"

Mama yake akageuka na mwiko mkononi. "Nionje nimefunga?"

Mwaija akatazama saa ya simu. Magharibi ilikuwa saa kumi na mbili na nusu na dakika chache. Hakuna mfungaji atakayegusa bakuli lile kabla ya hapo. Alikuwa na saa moja na nusu. Alijiambia inatosha, akavaa baibui, akatoka bila kumjibu mama yake aliyekuwa akiuliza kuna nini.

Nyumba ya Bi Hafidha ilikuwa ya tatu kutoka kwao. Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi, miguu ameinyoosha.

"Shikamoo, Bi Hafidha."

"Marahaba, daktari wa vijidudu! Leo umenikumbuka? Au njaa imekuleta mapema?"

"Nimeifuata ile faluda. Mama kakosea bakuli. Ile ilikuwa ya... ilikuwa ya watu wa chuo."

"Ya watu wa chuo!" Bi Hafidha akacheka mpaka mbuzi ikatikisika. "Basi wamekosa. Umetia nini humo, limbwata? Sema kweli, kuna mwalimu unamtaka."

"Iko wapi, Bi Hafidha?"

"Mimi na sukari yangu niile nife? Nilikuwa na hotipoti la Bi Mwanaasha tangu arobaini ya shemeji yangu. Kila nikimwona njiani nainamisha uso kwa aibu. Nikasema leo nimepata cha kumrudishia. Nimeitia humo, nimeipeleka kwa miguu yangu." Akakuna mara mbili tatu, akaongeza, "Tena yule mkwe wake, Nadhira, hafungi. Mimba ya miezi saba, daktari kamkataza. Nikasema apate kitu baridi, maskini."

Mwaija alisikia maneno yale yakiingia moja moja. Ile saa moja na nusu haikuwapo tena. Haikuwapo tangu mwanzo.

"Ulipeleka saa ngapi?"

"Nilipotoka kuswali alasiri. We mtoto, mbona umekuwa hivyo? Hebu kaa..."

Hakukaa. Alianza kwa kutembea, kwa kuwa anayekimbia mtaani saa kama ile huulizwa amekufa nani. Alipopita kona ya msikiti akakimbia. Kichwani alikuwa akipiga hesabu, na hesabu zilikuwa mbaya. Alasiri iliswaliwa saa kumi kasoro. Sasa ilikuwa saa kumi na moja na dakika tano. Mtu mwenye njaa na bakuli baridi hahitaji saa nzima.

Nadhira alikuwa ameketi mkekani kwenye ukumbi wa uani, mgongo ameuegemeza ukutani, tumbo limeinua dera lake. Hotipoti lilikuwa pembeni mwa goti. Kijiko kilikuwa ndani. Walisoma madrasa moja, yeye na Mwaija, wakagawana msahafu mmoja uliokatika jalada.

"Shoga! Karibu. Usinitazame hivyo, mimi nina ruhusa," Nadhira alisema, akicheka. "Kila anayepita ananitazama kama nimeiba."

Mwaija alipiga magoti akalivuta hotipoti. Nusu ilikuwa imekwisha. Chini ya tui, juu ya ile nusu iliyobaki, aliyaona madoa. Yalikuwa makubwa kuliko jana.

"Umekula wewe peke yako?"

"Mwenye kula hapa ni nani mwingine? Wamefunga wote. Tena mwambie aliyepika, tamu ni hilo tui tu. Chini kuna chumvi chumvi, kama mtu kakosea mkebe. Lakini mimba hii haichagui."

Palikuwa na muda hapo, labda wa pumzi nne au tano, ambao Mwaija baadaye aliukumbuka kwa usahihi kuliko kitu kingine chochote cha siku ile. Hotipoti alikuwa nalo mkononi. Angeweza kusema mama kakosea, akaondoka nalo, akalimwaga chooni. Bakteria wengi wa dimbwini hawamdhuru mtu, na huo ulikuwa ukweli. Tumbo lina asidi, na huo pia. Lakini dimbwi lile lilipokea ya vyooni, madoa arobaini na moja hakuyajua hata moja jina lake, na yote yalikuwa yameota juu ya dawa ambayo mtu akiugua hupewa kwanza. Kama Nadhira angepata homa kesho, angepewa ampisilini, wangengoja imsaidie, na wakati ule wa kungoja ungemgharimu mtoto. Kitu hicho kimoja alikijua mtu mmoja tu Bagamoyo nzima.

"Nadhira, hiyo si faluda."

"Ni nini?"

"Ni jaribio langu la chuo. Nilioteshea maji ya dimbwi la nyuma ya soko. Mama hakujua. Umekula vijidudu. Inuka twende hospitali, sasa hivi."

Nadhira alicheka kwanza. Kisha akamtazama usoni, na kicheko kikamkatikia mdomoni. Mkono wake ukaenda kwenye tumbo wenyewe.

"Umenilisha maji ya choo?"

"Ndiyo."

Bi Mwanaasha alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi. Mwanamke yule hakuwa na kelele, na hakupiga kelele hata wakati ule. Aliuweka ungo chini.

"Rudia," alisema.

Mwaija akarudia, kila kitu, kuanzia dimbwi.

"Mnakwenda chuo kusomea nini, Mwaija? Kusomea uchawi? Mchawi naye hutega kwenye chakula."

"Bi Mwanaasha, nitukane njiani. Twende."

Bajaji waliipata barabarani. Nadhira alikaa katikati, mkono wa mkwe wake mapajani. Mwaija alilipakata hotipoti, kifuniko amekikaza kwa viganja vyote viwili, na kwa simu iliyobanwa begani akampigia Mwalimu Mikdad. Alimweleza kwa mpangilio, kama alivyofundishwa. Mwalimu hakumkatiza. Alipomaliza, mwalimu aliuliza:

"Ampisilini ulitia kiasi gani?"

"Mikrogramu mia kwa kila mililita."

"Na iliota."

"Madoa arobaini na moja."

"Mwambie daktari maneno hayo hayo. Usipunguze, usipambe. Usiseme mwalimu aliruhusu, usiseme umeme ulikatika." Akaongeza, "Mwongozo wako una kurasa ishirini na mbili, Mwaija. Nimeusoma wote. Umeeleza chombo cha jikoni kinavyoingia maabara. Hakuna mstari unaosema kisirudi jikoni. Nami nikausaini."

Daktari wa zamu alikuwa kijana, jina lake Dokta Yusuf, macho yake mekundu kwa saumu na kazi. Alimsikiliza mkunga akitoa taarifa: mimba ya wiki thelathini na moja, amekula chakula kisicho salama, hana homa, hana maumivu. Akaanza kuandika.

"Atakaa hapa tumtazame. Homa ikitokea tutaanza na ampisilini, ni salama kwa mjamzito."

"Haitafanya kazi," Mwaija alisema.

Daktari aliinua uso. "Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyeviotesha. Viliota juu ya ampisilini." Akatoa kiasi, akatoa tarehe, akatoa mahali maji yalipotoka, akaweka hotipoti mezani. "Mabaki haya hapa. Yapelekeni maabara."

Mkunga alirudi nyuma hatua moja. Daktari alilitazama hotipoti, hotipoti la harusi, lenye maua ya waridi ubavuni, kama mtu aliyewekewa nyoka.

"Unajua nitaandika jina lako hapa?"

"Ninajua. Mwaija Pazi. Chuo pia andika."

Aliandika. Kisha akaufuta kwa mstari ule mpango wa kwanza, akaandika dawa nyingine ya sindano, akaenda kupiga simu.

Mkunga akamlaza Nadhira, akamwekea tumboni kipembe cha kusikilizia mapigo ya mtoto, akainamisha sikio, saa mkononi. Bi Mwanaasha akamsukuma Mwaija mpaka nje ya pazia. "Hapa ndipo mwisho wako," alisema.

Adhana ya magharibi ilimkuta Mwaija kwenye benchi la ukumbini. Mama yake alifika na Bi Hafidha, wamefungua saumu kwa maji tu. Mama hakumfokea. Alikaa karibu naye akawa anarudia jambo moja, kwa sauti ya chini: "Ningeonja. Ningeitia ulimini tu nikaitema, ningejua. Chumvi ile ningeijua." Bi Hafidha, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikuwa na kanga mdomoni.

Usiku ulipita bila kitu. Asubuhi yake Nadhira aliomba chai na mkate, akamtumia Mwaija ujumbe wa simu: *Niko mzima. Mkwe bado anakuita mchawi.* Mwaija aliusoma mara kadhaa, lakini hakupata faraja. Alijua vijidudu vya tumbo havina haraka. Alihesabu saa tangu alasiri ya jana. Zilikuwa kumi na tano.

Saa ya ishirini na moja homa ikaja.

Ilianza kwa baridi. Nadhira aliomba shuka la pili, kisha la tatu, na jua la saa saba liko dirishani. Kisha tumbo likaanza kumwendesha. Kipimajoto kilisoma thelathini na tisa na nukta moja. Kutoka kwenye benchi lake Mwaija aliwaona wauguzi wakiingia na dripu, akaona pazia likifungwa, akasikia Nadhira akimwita mama yake, aliyekufa miaka sita iliyopita. Alasiri maumivu yakashuka kiunoni. Mkunga alitoka haraka, akarudi na Dokta Yusuf, na Mwaija akalisikia neno uchungu. Wiki thelathini na moja. Alijua takwimu za watoto wanaozaliwa wiki hiyo. Alitamani, kwa mara ya kwanza maishani, kuwa mtu asiyejua takwimu yoyote.

Dawa mbili ziliingia mwilini mwa Nadhira jioni ile, moja ya kuua vijidudu, moja ya kutuliza mji wa mimba. Mwalimu Mikdad alikuja akasimama mbele ya benchi. Alikuwa ameyachukua mabakuli mawili yaliyobaki na kuyachemsha kwenye presha kuka. Alimwambia Mwaija haruhusiwi kuingia maabara mpaka kikao kikae, na kwamba yeye mwenyewe pia haruhusiwi. Hakukaa. Alimsalimu Bi Mwanaasha kwa adabu, akaomba radhi kwa niaba ya chuo, na Bi Mwanaasha akamjibu kwamba radhi hailazwi kitandani ikazaa.

Siku ya tatu asubuhi majibu ya maabara yalitoka. Katika mabaki ya hotipoti walikuta aina tatu za bakteria. Mbili hazikuwa na neno. Ya tatu ni ya jamii iletayo homa na kuharisha, na ampisilini haikuigusa. Dokta Yusuf alimpa Mwaija karatasi aisome mwenyewe. Hakumsifu. Alisema tu, "Tungeanza na ile, tungepoteza siku mbili," akaenda zake.

Homa ilikuwa imeshuka mpaka thelathini na saba na nusu. Uchungu ulikuwa umekoma usiku. Lakini tangu alfajiri Nadhira hakumsikia mtoto akicheza, na hilo alikuwa amelisema kwa mkunga kwa sauti ndogo, akidhani benchi halisikii.

Mkunga aliingia na kile kipembe. Bi Mwanaasha akalishika pazia alifunge, akamwona Mwaija amesimama kwenye kizingiti, mikono imening'inia. Akamtazama kwa muda. Kisha akaliachia pazia.

"Ingia. Kama ni msiba, usisimuliwe. Uusikie."

Mwaija akaingia akasimama miguuni pa kitanda. Mkunga aliweka kipembe, akainamisha sikio, akakisogeza. Akakisogeza tena, chini zaidi, kushoto. Uso wake haukusema kitu. Nadhira alikuwa ametazama dari, meno yameuma kona ya shuka. Mkono wa Bi Mwanaasha ulikuwa kwenye tasbihi na tasbihi haikuwa ikitembea.

Mkunga alitazama saa yake. Midomo yake ikaanza kwenda.

Alihesabu dakika nzima.

"Mia moja na arobaini na mbili," mkunga alisema, akinyanyuka.

Bi Mwanaasha akakaa chini sakafuni pale pale, akafunika uso. Nadhira alifumba macho, machozi yakamwingia masikioni. Mwaija hakusogea.

"Tafadhali, dada. Hesabu tena."

Mkunga akamgeukia, amekasirika. "Nimekwambia yuko hai. Mimi kazi hii nina miaka kumi na tisa."

"Mhesabie, dada," Nadhira alisema, macho yamefumbwa. "Namjua huyu. Mara moja haimtoshi." Akameza mate. "Nami pia nataka."

Mkunga akaguna, akainama tena, sikio kwenye kipembe, macho kwenye mshale wa saa. Zilikuwa zimebaki wiki tisa. Mwaija alikishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, akaifuata midomo ya mkunga kwa macho, akaanza kuhesabu naye.